Jinsi ya kuomba kipengele kinachokukandamiza kiondolewe kwenye mkataba

Umeshasaini, umelipa, halafu unakuta umekatwa hela ambayo hukuitegemea, ukipiga simu unajibiwa "ipo kwenye vigezo na masharti". Sasa usiishie hapo. Nchi nyingi sheria inataka mkataba wa mlaji uandikwe kwa lugha inayoeleweka na usimuonee mteja, na sahihi yako haihalalishi kila kilichoandikwa mle ndani.

Anza kwa kuomba nakala kamili ya masharti yaliyokuwepo siku uliyosaini, sio yale ya kwenye tovuti leo, maana hayo huwa yanabadilishwa kimyakimya. Omba kwa imeili ili ushahidi ubaki.

Ukishaipata tafuta kipengele chenyewe. Ukiandika "mkataba wote wizi mtupu" hakuna atakayekusikiliza. Chukua mfano huu: "Mtoa huduma anaweza kubadili ada wakati wowote kadiri atakavyoona inafaa." Jiulize, na mimi je? Kama yeye anapandisha atakavyo na wewe ukitaka kutoka unapigwa faini, hoja unayo. Direktivu ya Umoja wa Ulaya ya 1993 (agizo ambalo nchi wanachama huliingiza kwenye sheria zao) kuhusu masharti yanayomuonea mlaji ina orodha ya mifano ya namna hii: fidia iliyopitiliza, kubadili masharti bila sababu ya maana iliyotajwa mkatabani, mkataba unaojirefusha wenyewe huku siku ya mwisho ya kukataa imewekwa mapema mno. Ila bei kuwa kubwa peke yake sio hoja, kama iliandikwa wazi ukaikubali basi hapo huna kesi.

Upande wa lugha, Afrika Kusini kwenye sheria yao ya 2008 ya kulinda walaji, kifungu cha 22, wanampima mtu wa kawaida mwenye uwezo wa wastani wa kusoma na asiye na uzoefu mkubwa wa huduma hiyo. Mpe mtu wa hivyo akisome halafu akwambie atalipa nini na lini, akibabaika andika hilo. Na kama maneno yana maana mbili, Uingereza (sheria ya haki za walaji ya 2015, kifungu cha 69) inachukuliwa ile inayomfaa mlaji, na Ulaya ni vilevile.

Barua yenyewe iwe fupi, namba ya mkataba, kipengele neno kwa neno, kasoro yake, unachotaka. Hivi:

"Kipengele cha 14 kinawaruhusu kubadili ada wakati wowote. Hakitaji sababu, hakitoi muda wa taarifa, wala hakiniruhusu kuvunja mkataba bila faini. Naomba msikitumie kwangu na mnirudishie nyongeza mliyokata. Naomba jibu la maandishi kabla ya tarehe…"

Weka tarehe kweli, bila hiyo watakuzungusha. Huku ukisubiri endelea kulipa sehemu usiyoibishia, kwa sababu kipengele kikifa kwa kawaida mkataba uliobaki unaendelea kama kawa, na ukiacha kulipa, wao ndo watakuwa na kesi dhidi yako.

Wakigoma peleka kwa mamlaka ya kulinda walaji au msuluhishi wa sekta hiyo kama yupo, wengi wanataka kuona kwanza ulishailalamikia kampuni, ndo maana ya ile barua. Kukishindikana, mahakama ya madai madogo.

Wakija na hela kidogo pamoja na karatasi ya kusaini, angalia kama imeandikwa "sina dai lingine lolote". Kama ipo na hela haijatosha, waambie waifute ndo usaini.