Aflatoksikosi: namna ya kulitamka, kuliandika na kujua lilikotoka

Nikiwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Chemba, neno hili, jina la maradhi ya kula chakula chenye sumu ya kuvu, ndilo huwafunga ulimi kuliko yote. Likate vipande: afla, toksi, kosi. Mkazo uweke kwenye ko, silabi ya pili kutoka mwisho, kama maneno yetu mengine. Usiseme "afratoksi" wala "afulatokisi". Kwa kuwa Kiswahili hakina x, andika ks. Kwenye majibu ya maabara ya Kiingereza utakuta aflatoxin, x moja tu.

Sasa asili yake. Jina lilizaliwa baada ya mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil. Kuvu iliyotoa sumu ile ni Aspergillus flavus: chukua a ya kwanza na fla ya pili, umepata afla. Mwaka 1729 Pier Antonio Micheli, mtaalamu wa mimea wa Florence, aliiona kuvu ya jamii hii kwa hadubini, ikamkumbusha kile kifaa ambacho padri hunyunyizia waumini maji ya baraka. Kwa Kilatini kifaa hicho ni aspergillum. Flavus ni njano. Wanafunzi wangu hudhani ni njano ya macho ya mgonjwa, kwa kuwa ini likiharibika macho huwa hivyo kweli. Hapana, rangi hiyo ni ya kuvu.

Toksi ni Kigiriki: toxon ni upinde, na toxikon sumu ya kupaka mishale. Aliyeona mishale ya Wahadzabe kule Mkalama hasahau kipande hiki.

Kosi inatokana na -osis, yaani hali ya ugonjwa. Hapa nasisitiza sana. Aflatoksini ni sumu yenyewe, iko kwenye mahindi au karanga. Aflatoksikosi ni maradhi yanayompata aliyekula. Usiandike "mgonjwa ana homa ya aflatoksini". Mwaka 2016, sumu hii ilipoua watu mikoa ya Dodoma na Manyara, wenye kuugua nyumba moja walikuwa wamekula chakula kimoja, hawakuambukizana.

Kwenye fomu andika aflatoksikosi. Ukifika kwa mama mwenye mahindi yaliyovunda, sema sumukuvu, na umweleze kwamba kuyachemsha hakuiondoi.