Majiranukta ya nyota: kuchagua majina ya sifa yasiyodanganya

Jedwali lenye safu mbili, `lon` na `lat`, liliwahi kunila siku mbili nzima. Aliyeliandaa aliandika majiranukta ya galaksi. Mimi nikayasoma kama ya ikweta ya anga. Programu haikulalamika, maana pembe ni pembe, na kila jozi ya namba inaangukia mahali fulani angani. Hiyo ndiyo tabu ya kazi hii: kosa haliangushi programu, linakupeleka kwenye nyota nyingine nawe unaendelea kupima kwa raha zako.

Mifano hapa ni ya Python na maktaba ya Astropy, lakini utaratibu ni uleule popote.

Hatua ya 1: Uliza pembe inapimwa toka wapi

Kila fremu, yaani mfumo wa mihimili ambao pembe hupimwa humo, ipewe majina yake. Ikweta ya anga ina `ra` (pembe kuelekea mashariki) na `dec` (pembe kaskazini au kusini ya ikweta), galaksi ina `l` na `b` (longitudo na latitudo zake), upeo wa macho wa mtazamaji una `az` (upande wa dira) na `alt`. Ukiyaita yote `lon` na `lat` unafuta habari ambayo msomaji hawezi kuirudisha.

```python
from astropy.coordinates import SkyCoord
shira = SkyCoord(ra=101.287, dec=-16.716, unit="deg")
shira.ra            # sawa
shira.galactic.l    # sawa
shira.galactic.ra   # AttributeError: sifa haipo
```

Hapo ni nyota Shira, yaani Sirius. Mstari wa mwisho ndio ninaoupenda kuliko yote: ukikosea fremu, unakwama papo hapo. Kwa hiyo usiongeze majina ya mkato ili kila kitu "kifanye kazi" kila mahali. Ukiwa kweli na msimbo usiojali fremu, `shira.spherical.lon` ipo, na anayeiandika anajua anachokiomba.

Angalia pia maneno yenye maana mbili. `alt` kwa mtazama nyota ni pembe juu ya upeo wa macho. Kwa rubani ni kimo juu ya usawa wa bahari. Astropy imeliacha `alt` kwa pembe, na kimo cha mahali duniani kikaitwa `height`.

Hatua ya 2: Herufi moja ikae ndani ya fremu tu

`nyota.galactic.l` inasomeka. `l` peke yake katikati ya hesabu haisomeki: kwenye fonti nyingi inafanana na 1, na PEP 8, mwongozo wa mtindo wa kuandika Python, inaikataza waziwazi. Katika majedwali mimi huandika `gal_lon` na `gal_lat`. Hata faili za FITS, muundo wa data wa wanaastronomia, zenye nafasi finyu ya herufi nne tu kwa aina ya mhimili, hutumia GLON na GLAT.

Hatua ya 3: Kama namba imeshazidishwa, jina liseme

Mistari ya `ra` inabanana kadiri unavyokaribia ncha ya anga, kama mapande ya chenza yanavyokutana kwenye kikonyo. Kwa hiyo mwendo wa nyota kuelekea mashariki unaweza kuandikwa kwa namna mbili: mabadiliko ya `ra` yenyewe, au mabadiliko hayo yakizidishwa kwa kosaini ya `dec`, ambayo ndiyo pembe halisi iliyosafiriwa angani. Katalogi ya Gaia, chombo cha angani kilichopima nyota, ina safu `pmra` ya mwendo huo. Kosaini imo tayari, ila jina halikwambii. Astropy ikachagua `pm_ra_cosdec`. Sura yake si nzuri, nakubali, lakini sijaona aliyelisoma akazidisha mara ya pili.

Hatari ni kwamba kosa hili hujificha. Kwa Shira kosaini ni kama 0.96, tofauti ya asilimia 4 ambayo utaisingizia kelele za vipimo. Kwenye `dec` ya nyuzi 60 ni nusu. Kwa Polaris, iliyo karibu kabisa na ncha ya kaskazini ya anga, unakosea karibu mara 78. Basi jaribio lako lisitumie nyota za karibu na ikweta pekee.

Hatua ya 4: Tenganisha mwaka wa mihimili na mwaka wa nyota

Mihimili ya B1950 (ya mwaka 1950) na ya J2000 (ya mwaka 2000) imepishana kwa takriban nyuzi 0.7, zaidi ya upana wa Mwezi mpevu. Huo ni mwelekeo wa gridi, na jina lake ni `equinox`. Wakati ambao nyota ilikuwa mahali hapo ni jambo jingine: `epoch`, au `obstime` kwenye Astropy.

Mtu anapakua Gaia DR3, toleo la tatu la data za Gaia, kisha anaziita safu `ra_j2000`. Mihimili ni ya ICRS, fremu ya kimataifa inayokaribiana mno na J2000, lakini nyota zimewekwa zilipokuwa mwaka 2016.0. Nyota ya Barnard hukimbia zaidi ya sekunde 10 za tao kwa mwaka (nyuzi moja ni dakika 60 za tao, na kila dakika ni sekunde 60). Katika miaka 16 imeshahama karibu dakika 3 za tao. Afadhali `ra_icrs`, na safu ya `ref_epoch` kando yake.

Hatua ya 5: Vipimo

Kwenye kitu kinachobeba kipimo chake, kama cha Astropy, `ra` inatosha. Kwenye CSV, faili ya maandishi matupu, andika `ra_deg` au `ra_hour`. Saa moja ni nyuzi 15. Shira iko kwenye saa 6.75, na ukizisoma kama nyuzi unatua kwenye kundi la nyota la Ketusi, jirani na nyota Diphda.

Hatua ya 6: Ukibadilisha jina, la zamani lisife ghafla

```python
@property
def pm_ra(self):
    warnings.warn("Tumia pm_ra_cosdec", FutureWarning, stacklevel=2)
    return self.pm_ra_cosdec
```

Nimetumia `FutureWarning` makusudi. `DeprecationWarning` Python huificha kwa kawaida, isipokuwa imetokea kwenye `__main__`, yaani faili unayoiendesha moja kwa moja, na watumiaji wako wengi hawataiona hadi siku utakayofuta jina lenyewe.