Kupima dawa na metaboliti zake kwenye plazma kwa HPLC

Mtu akisikia HPLC (mbinu ya kutenganisha vitu vilivyo kwenye kimiminika kwa kuvipitisha kwenye kolamu kisha kuvipima) akili inakimbilia kwenye mashine, ila kazi nyingi iko kabla sampo haijaigusa. Tuchukue kabamazepini, dawa ya kifafa. Ini linaigeuza kuwa kabamazepini-10,11-epoksaidi, hiyo ndiyo metaboliti yake, na hiyo epoksaidi nayo ina nguvu mwilini, kwa hiyo inabidi upime zote mbili.

Damu ichukuliwe kabla mgonjwa hajameza dozi inayofuata, kwenye tyubu ya EDTA au heparini. Zile tyubu za jeli achana nazo, jeli inaweza kunyonya baadhi ya dawa alafu ukapata namba ndogo usijue imetokea wapi. Sentrifuji, toa plazma, gandisha.

Siku ya kupima: plazma mikrolita 100, weka asetonitrili mikrolita 300 ambayo tayari ina standadi ya ndani (kitu kingine cha kiasi unachokijua, cha kulinganishia), tikisa vizuri, sentrifuji dakika 10 kwa 10,000 g, protini zote zinakaa chini we unachota maji ya juu. Standadi ya ndani iingie mwanzoni kabisa! Ukiiweka mwishoni haikusaidii kitu kwa kilichopotea njiani. Na hayo maji ya juu yaongezee maji safi kabla ya kuingiza kwenye mashine, maana asetonitrili ikiwa nyingi piki (vilima vinavyochorwa kila kitu kinapotoka kwenye kolamu) za mwanzo zinatanuka na kuharibika, na epoksaidi iko hukohuko mwanzoni.

Kolamu ya C18 ya kawaida inatosha, mm 150 kwa 4.6, maji na asetonitrili kama 70 kwa 30, mililita 1 kwa dakika. Epoksaidi inapenda maji zaidi so inatoka kwanza, kabamazepini inafuata. Kwenye detekta ya UV wengi wanaweka urefu wa wimbi wa nm 285 sababu kabamazepini inaonekana vizuri sana hapo, shida ni kwamba epoksaidi hapo karibu haionekani. Shuka mpaka kama 210. Huko chini takataka za plazma nazo zinajitokeza, kwa hiyo pitisha plazma tupu (isiyo na dawa) ya watu tofauti tofauti uone kama kuna kitu kinakaa juu ya piki zako.

Kalibresheni (sampo za viwango unavyovijua, za kusomea zile za wagonjwa) itengenezwe ndani ya plazma tupu, sio kwenye maji, angalau levo 6, na kwa kuwa kiwango cha tiba cha kabamazepini ni mg 4 hadi 12 kwa lita, anzia chini ya hapo uende juu ya hapo. Unachochora ni eneo la dawa gawanya kwa eneo la standadi ya ndani. Mwongozo wa ICH M10, wa kimataifa kuhusu upimaji wa dawa kwenye sampo za mwili, unataka namba zisitofautiane na kiasi halisi kwa zaidi ya asilimia 15, levo ya chini kabisa asilimia 20. Weka na QC (sampo za kujikagua ambazo kiasi chake unakijua) za chini, kati na juu, zikigoma rudia bechi nzima, usianze kubembeleza data.

Ukihamia LC-MS/MS, ambayo badala ya UV inapima uzito wa molekuli na vipande vyake, usidhani kutenganisha kumeisha. Dawa zinazotengeneza glukuronaidi (metaboliti ambayo mwili umeibandika asidi ya glukuroniki), mfano mofini, glukuronaidi inaweza kuvunjika palepale kwenye chanzo cha ayoni ikarudi kuwa dawa yenyewe, na mashine itaihesabu kama dawa bila wasiwasi wowote. Ingiza glukuronaidi peke yake uangalie chaneli ya dawa. Ukiona piki na muda wake wa kutoka unagongana na wa dawa, rekebisha gradienti (jinsi mchanganyiko wa maji na asetonitrili unavyobadilika wakati wa kupima) mpaka ziachane.