Ukitoka lindo, usiingie ndani moja kwa moja

Nimevaa gwanda miaka 27, kumi na mmoja nikiwa trafiki barabara kuu ya Tunduma. Haya nayowaandikia vijana niliyajua nikiwa nimeshachelewa.

Usiku mmoja lori lilifeli breki kwenye mteremko wa Inyala, Mbeya, likalivaa fuso la parachichi kutoka Tukuyu. Mimi na koplo mwenzangu tulivuta futi kamba kupima alama za tairi huku maparachichi yakibingirika miguuni na harufu ya breki iliyoungua ikitukaba. Watu wawili tuliwafunika kwa turubai la lori lenyewe. Saa mbili asubuhi niko nyumbani, mama watoto ananikatia parachichi la kunywea chai. Nilirusha sahani. Nikasema eti halijaiva.

Kwa hiyo tafuta nusu saa kati ya kituo na mlango wako. Ukishakabidhi zamu na silaha, vua mkanda, nawa uso na shingo hapohapo, kisha utembee. Mimi nilikuwa nashukia kituo cha daladala cha Mama John ingawa kwangu ni mbele zaidi, namalizia kwa miguu. Kilabu cha komoni kipite tu. Najua mtasema mzee naye alikunywa. Nilikunywa, ndiyo maana nasema: pombe inakulaza haraka halafu inaukatakata usingizi, saa sita mchana uko macho, kichwa kinagonga na zamu inakuja.

Ukifika, sema sentensi moja: "Leo nimeshika ajali mbaya, nipeni muda." Mambo ya upelelezi baki nayo mwenyewe, lakini mkeo au mumeo akijua ni ajali hatadhani kosa ni lake.

Usingizi wa mchana unatengenezwa. Ziba dirisha kwa blanketi, simu mwachie mtu wa kupokea, wanao wacheze kwa jirani. Kahawa ndiyo inatuponza, maana Juni na Julai baridi ya Uyole inakufanya ushike kikombe mpaka alfajiri. Ya saa kumi na moja alfajiri, saa nne asubuhi bado karibu nusu imo mwilini. Kunywa ya mwisho kabla ya saa nane usiku, baada ya hapo uji wa moto unatosha.

Siku mbili tatu zikipita, mtafute uliyekuwa naye eneo la tukio. Msikae kaunta ya kituo, raia wanasikiliza. Muulize kama analala, kama anakula. Nilipomweleza koplo habari ya parachichi alicheka kwanza, kisha akaniambia tangu siku ile hapandi hiace siti ya mbele. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miezi minne, hakuna aliyejua la mwenzake.

Madeni sitayasemea sana. Ila ukiingia barabarani na mkopo wa kausha damu kichwani, kila dereva utamwona noti.

Ndoto zilezile, kushtuka ovyo au hasira vikizidi mwezi mmoja, nenda hospitali, uliza kliniki ya afya ya akili. Usisubiri mwezi ukianza kuwaza kujiua. Siku hiyohiyo rudisha silaha ghalani, mwambie mkuu wako upangiwe kazi isiyo na bunduki, na mtu akusindikize kwa daktari. Mkuu mmoja wa zamani alinijibu kwamba askari halii. Ukikutana na wa namna hiyo, mpigie saluti, halafu nenda hospitali vilevile.

Mimi nilikwenda nimevaa kiraia, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi nisijulikane. Kwenye benchi nikajikuta jirani na dereva wa lori niliyewahi kumwandikia faini. Alinitazama, akasogea kunipa nafasi, akasema, "Afande, namba yako ni baada ya yangu."