Ukikodi pikipiki Hanoi, piga video kwanza

Kabla hujawasha pikipiki ya kukodi Hanoi, izunguke taratibu ukiirekodi video mwenye pikipiki akiwa amesimama hapo hapo, kisha mtumie papo hapo kwa Zalo, maana ndiyo wanayotumia Wavietnamu wengi kutumiana ujumbe. Nilijifunza hili wiki iliyopita, baada ya kudaiwa mkwaruzo nilioukuta. Sogeza simu karibu kabisa: ncha za mikono ya breki, saitimira, chini ya madigadi, ekzosi, kilomita na geji ya mafuta. Huko ndiko mikwaruzo ya zamani inakojificha. Video ikishakuwa kwenye simu yake ikiwa na tarehe na saa, mabishano wakati wa kurudisha yanakosa pa kuanzia.

Ila kuna pale video inapogoma. Pikipiki ikiwa imelowa mvua, maji yanaficha mikwaruzo, kwa hiyo omba kitambaa uifute kwanza. Na kama umemwachia pasipoti yako, video haina nguvu: atakayeishika ndiye atakayeamua. Toa amana ya pesa taslimu na nakala ya pasipoti. Akikataa, nenda duka la jirani. Kuhusu leseni, video haikuokoi hata kidogo. Injini ikizidi cc 50 unahitaji leseni ya pikipiki, na kibali cha kimataifa cha udereva kinachotambuliwa Vietnam ni kile cha Mkataba wa Vienna wa 1968 wa usafiri wa barabarani. Bila hicho, bima inaweza kukukatalia ukianguka.