Namna ya Kudumu katika Imani Kusi Inapobana

Kusi inapovuma, bahari ya Malindi huchafuka, wavuvi wengi hukosa pa kutia nyavu na hoteli nyingi hupunguza wafanyakazi, na Mkristo anayedaiwa kodi na karo hujikuta akiuliza kama Mungu bado anamsikia.

Anza kwa kumweleza Mungu ukweli wenyewe. Zaburi ya 13 ina mistari 6 tu, lakini katika 2 ya kwanza Daudi anauliza "hata lini" mara 4, wala hakemewi. Isome kwa sauti, na afikapo Daudi kumtaja adui yake, wewe taja deni lako kwa kiasi chake na anayekudai kwa jina lake, kwa maana sala ya jumlajumla huficha mengi. Siku ambayo huwezi kufika kwenye mstari wa sifa, ishia hapo ulipofika.

Kisha kula, ulale. Huku kwetu jambo hili halina budi kusisitizwa, kwa sababu mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, kaunti hii hii ya Kilifi, ilianza kufukuliwa miili ambayo hatimaye ilizidi 400, ikihusishwa na mafundisho ya kufunga hadi kufa ili kumwona Yesu. Linganisha na 1 Wafalme 19: Elia alipojilaza chini ya mretemu akiomba afe, malaika hakumhubiria wala hakumwongezea siku za kufunga, bali alimgusa akamwambia ainuke ale, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akala, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili kwa kuwa safari ilikuwa kubwa. Kufunga kuna mahali pake, ila kusimguse mtoto, mgonjwa wala mama anayenyonyesha.

Sadaka itoe kwa kadiri ya ulicho nacho, kama 2 Wakorintho 8:12 inavyosema. Anayekutaka upande kodi ya nyumba kama mbegu ya muujiza, mkatalie kwa adabu.

Usijitenge na jumuiya. Chagua wawili unaowaamini, uwaambie waziwazi kwamba unga umekwisha, na jirani Mwislamu akikuletea sahani ya wali, ipokee kwa shukrani. Ukishindwa kabisa kuomba, mmoja wao akuombee papo hapo, nawe uitikie amina.