Somo: Namna ya kusimamia jengo la biashara lililo chini ya hifadhi katika Mji Mkongwe wa Unguja

Somo hili limekusudiwa wasimamizi wa majengo yenye maduka chini na makaazi, ofisi au nyumba za wageni juu, ndani ya mipaka ya Mji Mkongwe, ambao tangu 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mji umetanuka, kodi za maduka zimepanda, na kila mpangaji anataka kioo chake, kiyoyozi chake na tangi lake la maji. Katika miaka niliyosimamia jengo la ghorofa tatu nimejiridhisha kwamba kinachoyaangusha majengo haya, mara nyingi kuliko umri wake, ni matengenezo madogo madogo ya wapangaji ambayo hakuna mtu aliyeyajumlisha.

Hatua ya kwanza: Lijue jengo na mwenye kauli juu yake

Anzia Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoundwa 1985, uulize jengo lako limewekwa daraja gani na kazi zipi zinahitaji kibali. Kisha piga picha kila chumba, kila mlango na kila ufa, uandike tarehe. Picha hizo ndizo zitakazokuamulia ugomvi na mpangaji anayehama.

Hatua ya pili: Andika hifadhi ndani ya mkataba

Sheria ya hifadhi humbana mwenye jengo, ilhali anayeshika nyundo ni mpangaji. Kwa hiyo mkataba wa upangaji useme wazi kwamba hakuna kuvunja ukuta, kuziba dirisha, kupitisha bomba wala kupiga lipu ya saruji bila ya idhini yako ya maandishi, na kwamba idhini yako haiondoi haja ya kibali cha Mamlaka. Ufunguo wa darini ubaki kwako.

Hatua ya tatu: Shughulikia maji kabla ya jambo jingine lolote

Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa na udongo, na dari zimebebwa na boriti za mikoko ambazo ncha zake zimezama ukutani. Maji yakiingia ukutani kutoka juu, udongo hulainika, na ncha ya boriti, usiyoweza kuiona, huanza kuoza na kuita mchwa. Mapaa mengi ya zamani yalikuwa bapa, yakaja kufunikwa kwa bati baadaye, na pale bati linapokutana na ukuta ndipo penye kuvuja sana. Kabla ya masika kuanza mwezi wa Machi, na tena kabla ya vuli, panda mwenyewe ukasafishe michirizi, ukague mabomba ya kuteremshia maji na uhakikishe maji yanafika kwenye mtaro wa kichochoro badala ya kuishia kwenye msingi. Usitosheke na maneno ya fundi kwamba ameshapanda. Mimi niliwahi kutoa kiota kizima cha kunguru katika bomba lililotajwa kuwa safi. Baada ya paa, fuata vyoo na majiko ya ghorofa za juu, kwa sababu mvua ina msimu wake lakini bomba la choo huvuja mwaka mzima.

Hatua ya nne: Chokaa kwa chokaa

Ukuta wa matumbawe huvuta unyevu na kuutoa kupitia lipu. Lipu ya saruji huufungia unyevu huo ndani, nao hupanda juu ukitafuta pa kutokea, ukibeba chumvi. Katika jengo ninalolisimamia, mpangaji mmoja alipiga saruji ukuta wote wa duka hadi dari, ukang'aa kama mpya. Baada ya misimu miwili ya masika rangi ilianza kubabuka katika chumba cha juu yake, na tulipofungua tulikuta ncha za boriti nne zimekuwa unga. Tulibandua saruji yote, tukauacha ukuta ukauke kwa miezi kadhaa, kisha tukapiga lipu ya chokaa iliyoloweshwa muda mrefu, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga usio na chumvi, tabaka nyembamba nyembamba, kila moja ikinyunyiziwa maji isikauke upesi. Tafuta mwashi anayeijua kazi hii, na umlipe kwa siku, kwani anayelipwa kwa kazi nzima atakuharakishia.

Hatua ya tano: Pima uzito

Boriti huvuka upana wa kama mita tatu tu, ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba. Tangi la lita 1,000 likijaa lina tani moja; magunia 40 ya mchele ya kilo 50 ni tani mbili. Ghala liwe chini, na tangi likae juu ya kuta nene, kamwe lisiwe katikati ya dari. Wakati wa ukarabati tahadhari iongezwe: sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la 1883 hapa Mji Mkongwe, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 huku kazi za matengenezo zikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Funga duka lililo chini ya kazi, hata kama mpangaji atadai fidia ya siku hizo.

Umeme ukaguliwe na fundi mwenye leseni kila mwaka, na mitungi ya gesi isiwekwe chini ya ngazi ya mbao.

Maswali ya wasimamizi

Maalim, assalamu alaykum. Mpangaji wangu wa duka la vitambaa anataka kung'oa milango ya mbao aweke kioo. Nimkatalie?

Waalaykumu salaam. Mkatalie kung'oa, lakini usimkatalie kioo. Fremu ya kioo inaweza kusimama ndani, nyuma ya milango ya zamani, bila ya kugusa kiunzi chake. Mchana milango hufunguliwa na usiku hulinda duka. Mchoro upelekwe Mamlaka kwanza.

Nina ufa juu ya dirisha. Nitajuaje kama unaendelea?

Bandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa plasta, uandike tarehe. Kikivunjika, ukuta unatembea, na mhandisi aitwe. Subiri angalau masika moja na kiangazi kimoja kabla ya kuuziba.

Maji ya viyoyozi yanadondokea ukutani na wapita njia wananung'unika.

Wana haki. Kusanya mipira yote katika bomba moja hadi mtaroni, na mashine zenyewe zipandishwe uani, zisielekee barabarani.

Shikamoo Maalim. Jengo letu ni la mirathi, warithi tumefika kumi na saba, wengine wako Muscat. Nani aweke saini?

Marahaba, mwanangu. Warithi wote wampe mmoja wenu uwakala wa maandishi unaotaja wazi matengenezo, ukodishaji na kiasi cha kodi kitakachotengwa kabla ya kugawana. Mkishagawana kwanza, hakuna atakayerudisha hata shilingi ya bati. Kama sehemu ya jengo ni wakfu, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ishirikishwe kabla ya saini ya kwanza.